Isale la Mkuu wa Mifereji

Mwika, Jumanne

Nimemsamehe mtu ambaye moyoni sijamsamehe. Leo barazani nilisimama, mjumbe wa kuchaguliwa, nikamuuliza mkuu wa mifereji wa Mangi, chifu wetu, kwa nini ametufungia maji huku kahawa yake mwenyewe ikinyweshwa kila siku. Akatoa jani la isale mfukoni, akanipa kwa mikono miwili. "Nimekosa, mwanangu." Ukipewa isale lazima usamehe, nani atakataa mbele ya wazee? Nikalipokea. Bwana DC akapiga makofi, karani akaandika kuwa swali limejibiwa.

Mfukoni! Alilichuma kabla sijauliza, mshenzi yule.

Nyumbani mke wangu akaliona. "Baba Ndesario, na maji yanafunguliwa lini?"

Nilikaribia kumpa jani lilelile.