Jiwe la Nje ya Ua

Mwanamvita usipige simu, niandikie tu. Nimejifungia chooni kwa Maxwell, yule mteja wangu wa huku Sindo, wa bustani ya Kijapani.

Unakumbuka lile jiwe nililokutumia picha? Lile jeusi, limeota kuvu ya kijani? Nililiweka katikati ya changarawe nikajisifu wiki nzima.

Ni la kaburi.

LA KABURI Mwanamvita. Dadake Maxwell alikufa kabla hajaolewa, na huku msichana kama huyo anazikwa nje ya ua. Mimi ningejua aje? Maxwell mwenyewe alikuwa hajazaliwa! Aliniambia, "Mawe ya huko nje chukua yote."

Leo mamake ametoka hospitali Homa Bay, alilazwa miezi miwili. Ameliona jiwe akakaa chini. Hata hakupiga kelele. Ameniuliza tu, "Ulilitoa wapi? Nionyeshe."

Tulitoa mawe kumi na manne huko. Trekta ikalima pote. Saa hii ni mahindi tu.

Nikanyoosha kidole. Mahali popote.

Amepiga magoti hapo kwa mahindi, anaita "nyathina, nyathina," mtoto wangu. Namsikia kwa dirisha.

Mwanamvita, sidhani ni hapo.