Gurudumu la Leopoldi

Runazi, Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na nguvu, na magoti yako yasiwe yanakusumbua kwa baridi ya huko Kirushya. Veronika, dada yangu mdogo, akusomee polepole bila kuruka mstari. Nimeandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na jambo hili halifai kusemwa kwa kupiga kelele.

Huku tu wazima. Mahindi ya majirani yamekwisha kuota. Shamba letu ni majani matupu, kwa kuwa tumelishika neno lako: jembe haligusi udongo, na chuma hakipigi chuma, mpaka Leopoldi azikwe. Najua huko nako ni hivyo hivyo, na mvua za maharage zinapita.

Sikulaumu, Mama. Mto ulimchukua mdogo wangu, aliyekuwa akiishi nasi huku, ukarudisha baiskeli tu. Wazee walipotaka tuzike mgomba badala ya mwili, ulisema: "Alitoka hapa akiendesha. Baiskeli yake ikiingia uani kwa magurudumu yake yenyewe, nitaamini. Msiilete mabegani kama mzigo."

Kilichotuchelewesha ni gurudumu la mbele. Walioiokota baiskeli bondeni walikuwa watu wema. Waliiweka ghalani, wakaifukia katika majivu kama wafanyavyo kwa maharage ya mbegu, ili isiharibike. Majivu yakaingia ndani ya gurudumu, yakachanganyika na tope la mto, yakakauka kama saruji. Unaijua baiskeli yenyewe, ile ya milimani yenye matairi manene. Ekseli ya mbele haikusogea hata kidogo.

Nilimwita Nestori, fundi baiskeli wa hapa, yule ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Aliigeuza miguu juu, akaikagua, akasema:

"Mwalimu, lete nyundo. Nikiigonga hapa, inatoka."

"Nyundo hapana. Tuna msiba."

"Msiba gani huu usiokwisha?"

"Usiozikwa."

Akatikisa kichwa. "Basi ifundishe, maana wewe ndiye mwalimu. Labda ekseli itaelewa somo."

Shemeji yangu Anisia alikuwa jikoni, akaangua kicheko. Tangu mumewe apotee sikuwa nimesikia kicheko chake.

Hatukupiga. Tulidondosha mafuta ya taa pande zote mbili, tukaiacha juani. Tukamwagia maji ya moto, tukadondosha tena. Kila asubuhi Nestori alipita, akaijaribu, akaenda zake. Hatimaye alishika spana upande wake nami upande wangu, kila mmoja akavuta kinyume cha mwenzake. Nati ililia kama mtoto, ikaachia. Ekseli tuliitoa kwa kuizungusha, taratibu, kama mtu anayechomoa mwiba. Gololi zilikuwa nyeusi. Tulizisafisha, tukasugua kutu yote, tukapaka grisi, tukarudisha kila kitu mahali pake.

Kisha Nestori akalizungusha gurudumu kwa kidole.

Mama, nilikuwa nimesahau kile kipande cha dumu ambacho Leopoldi alikifunga kwenye uma wa mbele, kiguse spoku ili mbuzi wampishe njia. Ta-ta-ta-ta-ta. Mlio ule ule. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliinua kichwa. Mbwa wetu alitoka mbio hadi barabarani, akasimama akitazama upande wa bondeni, mkia ukichezacheza.

Naye Anisia akatoka jikoni na beseni la maji ya miguu, kama alivyozoea kumtolea mumewe kila alipousikia mlio ule. Hakuwa amefikiri; miguu ndiyo iliyomleta. Alifika tulipokuwa, akaiona baiskeli imelala kichwa chini, gurudumu likizunguka na hakuna mtu juu yake. Lilizunguka mpaka likasimama lenyewe.

Nestori alinyoosha mkono akitoe kile kipande.

"Kiache," Anisia akasema. "Mama naye ausikie."

Akaweka beseni chini, akainama, akanawa uso wake kwa maji yale.

Tutapanda basi Jumamosi. Tukishuka barabara kuu, nitaisukuma mwenyewe hadi uani, kwa magurudumu yake yote mawili, kama ulivyoagiza. Mwambie mjomba Gaspari, mchimba kaburi wetu, achague mgomba unaolingana na Leopoldi kwa kimo. Katekista naye apewe habari. Veronika atoe majembe yetu, ayaweke mlangoni.

Nisalimie mjomba, nisalimie Veronika na wanawe, na mama mkwe wa Anisia ambaye ndiye wewe. Ameniambia niandike hivyo, kwamba anakuja akiwa bado binti yako.

Jambo moja la mwisho. Utausikia mlio ule mteremkoni kabla hujatuona, nawe utainuka. Najua utainuka. Usichote maji, Mama. Ni mimi.

Mwanao mkubwa,
Deogratias