Mpishi wa Kitabu cha Kumi na Moja

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na goti lako. Je, limekubali kupanda ngazi au bado limegoma? Mimi ni mzima, ila joto la pasi pale kwa dobi limenifanya mtu wa kusinzia. Nikianza kunyoosha mashuka ya hoteli, mvuke ukipanda, sijui tena kama niko macho au naota.

Barua yako nimeipata. Unasema kwamba katika kitabu nilichokurudishia nimeandika pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kuwa muuaji ni mpishi, na mpishi huyo aliuawa akazikwa tangu kitabu cha kumi na moja. Unauliza, kwa upole unaonitisha, kama bado ninavisoma vitabu vya Inspekta wetu. Kama nimemchoka, unasema, hata wewe amekuchosha, basi kile kipya kilichoko mezani kwako hutakituma, na mambo yaishie hapo.

Umeninasa, dada. Kazi ya upelelezi ilikupita hivi hivi.

Tangu tukiwa wasichana tumemsoma kwa zamu, nakala moja, wewe kwanza kwa kuwa mkubwa, kila mmoja akibashiri muuaji pembeni. Nilimpenda kweli. Lakini mtu gani huyu, kila kitabu anaingia na koti lile lile lililolowa, anakohoa, anawakusanya watu sebuleni? Mapenzi yakapoa yenyewe, kama pasi iliyochomolewa.

Hata hivyo ndotoni bado anakuja. Anakaa juu ya rundo la mashuka yangu, koti linachuruzika, nami roho juu nikiwaza nitayafua tena yote. Habari za muuaji haulizi. Ananiuliza tu, "Dada yako anasemaje?"

Basi ukweli ni huu. Inspekta sijamsoma miaka mingi. Ninachosoma ni maneno yako ya pembeni. Kwenye simu wewe siku zote u mzima kabisa, huna neno. Lakini pembeni unaandika kwamba mvua imeingia jikoni, kwamba huyu daktari muongo, kwamba usingizi umekukimbia. Shemeji alipofariki, baada ya mazishi ulituambia sote turudi makwetu, umejikaza. Kitabu kilipokuja nikakifunua. Pembeni hapakuwa na kitu, kurasa na kurasa, hadi karibu na mwisho: "Leo nimepika tena chakula cha watu wawili." Nililia juu ya shuka la watu, ikabidi nilinyooshe upya. Kesho yake nikapanda basi. Uliponifungulia mlango hukuniuliza nimejuaje.

Kwa hiyo kitume, nakuomba. Inspekta akikuchosha, mruke, wewe andika tu. Ukiacha nitabakiwa na ule uzima wako wa kwenye simu, nami siuamini hata kidogo.

Nisalimie majirani, na goti lipake mafuta. Ndani ya bahasha nimekuwekea penseli, nimeshaichonga.

Ni mimi mdogo wako,
Msinziaji

Nimesahau. Yule mpishi aliuawa na nani? Tangu nipate barua yako naye anakuja ndotoni, amevaa aproni yake, anasimama karibu na dirisha, wala hamtaji aliyemuua.