Mzigo wa Kwenda Kisumu

Kirumba, Mwanza

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mjukuu wako Ngosha ameniuma sasa hivi akinyonya. Akaachia, akanitazama kuona kama nitalia, nilipokunja uso akacheka mpaka maziwa yakamtoka mdomoni. Ndiyo maana mwandiko umepinda. Sisi hatujambo, ila uchovu. Vipi mgongo wako? Baba na ng'ombe wanaendeleaje hapo Sengerema? Michembe ya viazi uliyompa Mashimba wa pantoni imefika, tumeimaliza.

Baba Ngosha bado yuko machimboni Geita, hajaleta neno. Mimi naendelea na dagaa. Tunaanika, wingu likija tunakusanya, likipita tunaanika tena. Hata usingizini nageuza dagaa.

Siku hizi biashara ni ruksa, mama. Ndizi za Bukoba zinashuka hapa, dagaa zetu zinapanda boti kwenda Kisumu kwa Wakenya. Anayetupelekea ni Jumbe, na kila akirudi anasema bei ilikuwa mbaya, magunia yalilowa. Juzi jirani yangu Sada alimuuliza mbele ya watu kama hiyo mvua ya ziwani inamfuata yeye peke yake. Watu walicheka. Jumbe akasema basi mwanamke mwenye ubavu apande boti akajionee. Tukakubaliana kweli sisi wanawake tunaoanika, mmoja wetu aende akauze.

Hapo maneno yakaanza. Huyu akitajwa, yule anaguna. Hawajamsahau Kashindye, aliyekwenda na mzigo wa wenzake mwaka jana akaolewa hukohuko, hata salamu hakuleta. Kila aliyejitaja aliambiwa huyo naye Kashindye. Tulibishana mchangani mpaka korongo wakaanza kula dagaa nyuma yetu.

Nimechaguliwa mimi, mama. Najua utauliza kwa nini mimi niliyeishia darasa la tano. Mashimba anayekuletea barua hii atakwambia wanawake wa huku wamemshika mjukuu wako rehani. Usiwalaumu. Hakuna aliyemtaja Ngosha. Ni mimi niliyesimama nikasema namwacha kwao, wajue nitarudi. Sada aliniambia nikae chini, nikajifanya sijasikia. Nimechoka kuanika halafu bei nisimuliwe na mtu. Wanunuzi wa kule wakinijua, Ngosha atasoma kupita nilipofika mimi.

Lakini mtoto hajawahi kulala bila mimi, na boti inaondoka kesho jioni. Nakuomba uvuke na pantoni ya kesho asubuhi kutoka Kamanga, ukae naye hapa kwa Sada mpaka nirudi. Uji anakunywa ukipoa. Hapendi kufunikwa miguu.

Mashimba anaita huko nje, anasema pantoni haimsubiri mtu. Msalimie baba, na jirani zetu wote. Mama, Ngosha akiamka usiku akanipapasa asinikute, mwambie…