Ujumbe Wako Umepokelewa

Jumamosi, Kibimba. Ukungu umekaa tangu asubuhi, hata migomba ya jirani siioni. Mama ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemjibu siumwi, kwa sababu ugonjwa wenyewe sijui niuite nini.

Leo majaribio yangu yote yamekuwa ya kijani.

Ngoja nieleze, maana mnaonisoma hapa si wote mafundi wa kompyuta. Hospitali moja ya huku kwetu (jina nalihifadhi, kosa si lao) ilinipa kazi ya kuwaandikia mfumo wa kuita gari la wagonjwa. Muuguzi wa zahanati anatuma meseji ya kawaida kabisa. Kwenye kompyuta ya hospitali kuna programu mbili: ya kwanza inapokea meseji na kuikabidhi kwa ya pili, na ya pili ikiona neno "gari" inapiga king'ora na kuandika kwa maandishi mekundu. Hapo hapo ya kwanza inamjibu muuguzi: ujumbe wako umepokelewa.

Programu mbili kukabidhiana kitu ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kwa hiyo fundi haanzi na muuguzi wala dereva. Anatengeneza ujumbe wa bandia, na mpokeaji wa bandia wa kuupokea, kisha anajaribu kila programu peke yake. Jaribio likipita, kompyuta inaonyesha kijani, likishindwa, nyekundu. Niliyaonea fahari majaribio yangu. Ujumbe wangu wa bandia ulikuwa huu: "Gari Keza mjamzito." Mwingine: "Gari Rulenge ajali." Na mpokeaji wangu alikuwa mpole ajabu, umpe nini anapokea chote, tena anajibu amepokea.

Nilimuumba hivyo mwenyewe ili asinisumbue.

Na mimi ni Mhangaza wa hapa hapa Ngara. Sijawahi kumwona mtu wa huku akiomba hata kiberiti bila kusalimia kwanza. Ukitumwa chumvi kwa jirani ukaingia tu na "mama anasema", unarudishwa mlangoni uanze upya. Nimerudishwa mimi, si mara moja. Halafu nikaenda kusoma, nikarudi na kompyuta, nikakaa kwenye meza hii hii kuandika meseji ambazo hakuna mtu mzima wa Ngara angethubutu kumtumia daktari.

Dada Anastazia ni muuguzi wa zahanati moja upande wa Keza. Amenizidi umri kwa mbali, na siku nilipokwenda kuwaelekeza kutumia mfumo ndiye aliyenipa chakula. Wiki iliyopita aliandika hivi:

"Shikamoo daktari. Habari za huko? Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha vizuri na maharage yameota. Poleni sana kwa msiba wa mama yake dereva, tumesikia, Mungu ampumzishe kwa amani. Samahani kwa kukusumbua daktari. Nina mama hapa, ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Naomba gari."

Kuna atakayeuliza, mtu mwenye dharura anapata wapi nafasi ya maharage? Anayeuliza hivyo hajaishi huku. Huku ndivyo mtu anavyoomba jambo zito. Ukianza na shida yako moja kwa moja, umemtukana unayemwomba.

Programu yangu ya pili haikuwa na upole wa yule mpokeaji wa bandia. Ilikuwa inasoma kipande cha kwanza cha ujumbe na kutupa kilichobaki, na sikulijua hilo kwa sababu sikuwahi kuipa ujumbe mrefu. Ikasoma salamu, mvua, maharage na msiba. Ikaishia kwenye samahani. Neno "gari" halikuonekana, king'ora hakikulia. Dereva alikuwa pale pale ofisini. Alikisoma kile kipande kwenye skrini, akashukuru kukumbukwa katika msiba wake, akaenda kunywa chai.

Na Anastazia akajibiwa kwamba ujumbe wake umepokelewa.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikijaribu kulala. Zamani, kabla ya mfumo wangu, wauguzi walikuwa wanapiga simu. Isipopokelewa wanapiga tena, wanampigia dereva, wanampigia mke wa dereva, mpaka mtu anaamka. Mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikawaambia: mkiliona hilo jibu, msipige simu, mtatuzibia laini bure. Walinipigia makofi. Basi Anastazia akatii. Alikaa na yule mama akimwambia gari liko njiani, vumilia mama, gari liko njiani. Aliposhindwa kuvumilia yeye mwenyewe akapiga simu, na gari likaondoka upesi, lakini barabara ilikuwa tope tupu.

Mama yuko hai. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, na mjukuu ameshanifikia.

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Nimeuchukua ujumbe wa Anastazia wote, na mvua yake na maharage yake, nikaufanya ujumbe wa bandia. Mpokeaji wa bandia nimemwondolea upole, sasa anasoma kipande cha kwanza tu kama yule wa kweli. Nikaendesha jaribio: nyekundu. Niliitazama ile nyekundu kwa muda mrefu. Kisha nikarekebisha programu ili ujumbe usomwe mpaka mwisho, kazi ambayo haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Kijani. Nilitamani kuibamiza kompyuta ukutani. Kitu chepesi hivyo!

Hospitalini hawautaki tena mfumo wangu. Siwalaumu. Wamerudi kwenye simu, na meseji wameiacha kwa taarifa ndogo ndogo tu. Nilipowapelekea marekebisho asubuhi hii walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia wameshapata dawa yao: wauguzi wote wameagizwa wasiandike salamu. Nilisema salamu hazina kosa, kosa ni la programu. Wakasema sawa, lakini agizo limeshatoka. Ningebishana kwa uso gani?

Mchana huu meseji imeingia kwenye simu yangu. Imetoka kwa Anastazia, kwangu mimi binafsi. Hakuna shikamoo, hakuna hujambo, hakuna habari za mama. Ameandika:

"Ni salamu zangu zilizomuua yule mtoto?"

Mwanamke aliyezalisha nusu ya Keza ananiuliza mimi swali hilo, tena ameliandika kama nilivyokuwa nikiandika zile za bandia, kavu, bila mtu ndani yake. Nimeandika jibu refu, nikalifuta. Nimeeleza kuhusu programu mbili, nikafuta. Mwishowe nimetuma: "Shikamoo dada. Hapana. Ni mimi."

Simu inaonyesha kwamba ujumbe umefika. Nimeitazama tangu wakati huo. Hajajibu, na mimi siwezi tena kuiamini simu inaponiambia kitu kimefika.

Kukicha napanda pikipiki kwenda Keza, nikamwambie kwa mdomo, nimwangalie usoni mpaka nijue amesikia.