Gauni Lililokatwa Mwilini Mwangu

Jumatatu, 18 Agosti

Mwanangu Mweri amekula chaki! Ile ya fundi, ya kuchorea vitambaa. Nimeinama tu kuokota pini, kuinuka nakuta mdomo mweupe pee mpaka kidevuni, na anacheka. Nimemtia kidole kinywani, nimetoa kipande. Kingine kimeshakwenda. Jalila, mwenye duka, kasema haina neno, wanawe wote walikula chaki na sasa wanamla yeye. Haya.

Leo nimesimama tangu asubuhi. Ndiyo kazi yangu, kusimama. Jalila hana sanamu ya dukani, ana mimi. Kitambaa kinawekwa mwilini mwangu, kinatiwa pini, kinakatwa. Anasema bega langu, kiuno changu, nyonga zangu, kila kitu kiko mahali pake hata baada ya kuzaa. Magauni yote ya harusi ya duka hili yamezaliwa juu yangu. Likishashonwa anakuja Lynnette, modo wake, analivaa, anapigwa picha, picha inabandikwa mlangoni. Lynnette mweupe. Mimi mweusi. Si maji ya kunde—mweusi.

Jumamosi ya wiki ijayo kuna maonyesho ya mavazi hotelini Bamburi. Desturi ya maonyesho ni hii: gauni la bi harusi ndilo linalofunga. Yanapita yote, mwisho anatoka bi harusi, watu wanasimama. Na hilo ndilo watu wanaloagiza.

Leo nimelivaa na pini zake. Nikajitazama kwenye kioo. Maneno yakatoka yenyewe: hili nitatoka nalo mimi.

Jalila alikuwa na pini mdomoni. Nusura azimeze!

Akaniambia, simama wima mwanangu, usinipotezee mshono. Nikasimama wima. Lakini nimeshasema. Sikuomba. Nimesema.

Alhamisi, 21 Agosti

Lynnette kaja kujaribu gauni. Halikumkaa! Huku nyonga zinapwaya, huku kifua kimelala kama mfuko. Jalila akasema ataweka sponji. Lynnette akacheka mpaka akakaa chini. "Mnataka kunijaza kama godoro? Mwenye gauni si huyo hapo amembeba mtoto?"

Cherehani tu.

Jalila akanivuta kando, nyuma ya pazia. Akanishika mkono. Kasema wallahi hana ubaya nami, yeye mwenyewe nyanyake alikuwa mweusi. Lakini wanaonunua ni mama za maharusi. Mama wa bi harusi akija anataka kumwona binti yake anang'aa. Akiona mweusi jukwaani atamtazama mtu, hatatazama gauni.

Nikamwambia, basi si watatazama? Maonyesho si ya kutazamwa?

Akarudi kwenye cherehani bila kukubali. Wala hakukataa.

Jioni Lynnette kanionyesha kwenye simu yake picha za wanawake wa zamani, weusi, wale wa kwanza kuvaa nguo za mitindo huko Ulaya na Marekani. Shingo ndefu, macho makavu, hawamwombi mtu. Anasema wengine wao walibeba poda zao wenyewe ndani ya mikoba, maana wapambaji hawakuwa na rangi ya watu kama wao. Wanafika na uso wao na vifaa vyao. Nikauliza, hawakufukuzwa? Akasema wengine walifukuzwa. Wakaenda kugonga mlango mwingine.

Nimelala na hilo. Hapa Kisauni sijasikia bi harusi mweusi kufunga maonyesho. Lazima awepo wa kwanza, au siyo?

Jumapili, 24 Agosti

Vimekuwa vita vidogo.

Jalila kakubali, maana gauni limekataa kumkaa Lynnette! Kaniambia jana. Lakini ana sharti lake: Nasreen, mpambaji wake, atanishughulikia uso "uwe na mwanga". Nilifurahi nikasahau kuuliza mwanga wa vipi.

Leo baada ya kanisa nikawaambia nyumbani. Munga akacheka kwanza, mume wangu huyo kila kitu kwake kwanza ni kicheko. Akasema hotelini wakizima taa nitabaki meno. Nikamwambia na wewe ukivaa suti nyeusi utabaki nini? Halafu akawa mzito. Wenzake wa kazini watasema mkewe anatembezwa kama ng'ombe mnadani. Nikamwambia waambie walipe kiingilio.

Mavyaa, mama yake Munga, ndiye aliyenikata maini. Alisikia yote, akaenda chumbani, akarudi na kibakuli. Singo! Manukato ya kusugulia maharusi ili ngozi ing'ae, kapewa na jirani. Akasema nianze leo leo, asubuhi na jioni, wasije wakanicheka. "Mwanangu, nakuonea huruma. Watu wa hoteli si watu wa huku."

Najua ananipenda. Ndiyo maana iliniuma.

Mweri alikuwa mapajani mwake. Mtoto ana jina lake, anamwita somo yake, na ni mweusi kama mimi. Tena kunizidi. Nikauliza kwa adabu, nilianza na shikamoo kabisa: "Na huyu somo yako, mavyaa, utamsugua lini?"

Alimpangusa mtoto pua, akampangusa tena, na pua ilikuwa haina kamasi. Kibakuli kiko juu ya kabati mpaka sasa.

Jumanne, 26 Agosti

Sijui niandike vipi. Hasira.

Leo Nasreen kanijaribu uso. Msichana mzuri, mkono mwepesi, anaimbaimba akipaka. Poda moja, juu yake nyingine, juu yake tena. Nikauliza mbona shingo haifanani? Akasema shingo itafunikwa na shela. Mikono je? Glavu. Nikafungua macho.

Kwenye kioo yuko mtu kaanguka kwenye unga. Kijivujivu. Mdomo mwekundu katikati kama kidonda. Jalila akasema mashallah. Wasaidizi wake wakasema mashallah. Lynnette alitazama nje.

Mara Mweri akaamka kwenye mkeka wake. Nikaenda kumchukua, maziwa yalikuwa yameshajaa. Akaniangalia. Akapiga ukelele! Akarudi nyuma kwa matako mpaka ukutani, anamnyooshea mikono Lynnette. Lynnette! Mimi naita Mweri, mama, ni mimi—sauti anaijua, uso haujui. Alikuwa anaitafuta sauti nyuma yangu.

Mwanangu kaniogopa.

Nilitoka nje hivyo hivyo. Nikainama kwenye ndoo, sabuni ya kufulia, nikasugua mpaka macho yakawaka. Nikarudi na maji yanachuruzika, nikakaa mkekani. Alikuja taratibu. Akanishika pua. Akanishika sikio. Halafu akanyonya kwa kwikwi, hajafumba macho hata kidogo, ananichunga nisigeuke tena.

Nikamwambia Jalila, naye yuko hapo mlangoni: nitavaa gauni lako, nitavaa viatu vyako, nitatembea utakavyo. Uso nakuja nao mwenyewe.

Akasema, "Ruth, usinitie aibu."

Nikasema, "Aibu ipi, mama? Hii niliyozaliwa nayo?"

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda soko la Kongowea kutafuta poda ya rangi yangu. Muuzaji wa kwanza akasema hamna. Wa pili akaniletea kahawia ya maziwa, akaapa itanikaa. Wa tatu, mama mmoja mnene, akanitazama sana, akachimba chini ya meza akatoa kopo lina vumbi. Nyeusi yenye wekundu ndani. Akasema hakuna anayeiulizia, wote wanataka kupanda kwenye weupe, hakuna anayetaka kubaki. Nikamwambia mimi nabaki. Akacheka, akanipaka mwenyewe mkononi kwa kidole. Ikapotea kwenye ngozi!

Munga kapiga pasi shati la kesho. Sikumwambia apige.

Jumamosi, 30 Agosti. Hotelini

Naandika nimesimama. Gauni haliniruhusu kukaa, shela peke yake ni kitanda kizima. Daftari liko juu ya meza ya pasi. Kifua nimekitia vitambaa viwili maziwa yasije yakatoka. Mavyaa yuko nje upande wa jikoni na Mweri mgongoni. Kaja! Na leso mpya. Kafika kanitazama usoni kwa muda, akaninyoosha ukosi tu.

Lynnette ndiye aliyenifunga zipu. Mikono yake baridi kuliko yangu.

Nasreen alikuja na brashi yake. Nikamwambia asante mwenzangu, nimeshajipaka. Akaenda kumwita Jalila. Jalila akaja mbio, jasho, simu mbili mkononi. Akaniona. Mikono wazi, glavu ziko kwenye kiti. Shela nimelirudisha nyuma.

Alisema kwa sauti ya chini, ndiyo mbaya zaidi. Ama nikae kwa Nasreen sasa hivi, ama nivue, Lynnette avae na sponji, na Jumatatu atafute mtu mwingine wa kusimama. Kazi yangu yote, basi. Hotelini mote leo mna maagizo yake ya mwaka mzima. "Nina wanangu, Ruth!"

Nikasema, "Nami nina wangu, yuko nje hapo. Akiniona nataka anijue."

Jalila akamgeukia Lynnette: wewe, vua, jitayarishe. Akatoka kuzungumza na mshereheshaji.

Sponji iko hapo mezani. Lynnette kaichukua, kaibonyeza, kaiweka chini. Kakaa. Kavua kiatu kimoja, anajikanda vidole. "Miguu inaniuma leo," kasema. "Sijui nimekanyaga nini." Hakukanyaga kitu, nilikuwa naye tangu asubuhi.

Nasreen anapanga makopo yake. Kachukua langu la Kongowea, kajipaka kidogo kwenye kiganja. Anaangalia.

Ngoma zimebadilika. Gauni la kijani limesharudi ndani. Limebaki moja. Moyo wangu unapiga mpaka lesi inacheza. Mungu wangu! Kama nikianguka nianguke na uso wangu.

Jalila yuko mlangoni, anashika pazia, hatazami ndani. Anaita, "Bi harusi!" Hakutaja jina. Anaita tena, "Bi harusi, haraka!" Lynnette hainuki. Nimeshika pindo la gauni, kalamu naiacha, natoka na uso wangu, naja mama, naj—