VPN ya Shemeji

Shangazi Turan mpendwa, nisaidie haraka, maana moyo unanirukaruka kwa furaha na hofu kwa pamoja, mimi nafundisha wanawake kuimba hapa Shiraz, Iran, na unajua mwenyewe mwanamke kuimba peke yake mbele za watu huku kwetu ni kesi, kwa hiyo tunasoma kwa simu mtandaoni, na bila VPN, ile njia ya kupenya mitandao iliyofungwa, hakuna darasa, basi shemeji yangu Kambiz, mume wa dada, akanipa VPN ya kampuni anakofanya kazi, bure, nikakataa mara tatu kama adabu inavyotaka, akasisitiza tena, ningefanyaje, nikapokea, na weee, ina kasi! Sauti zinakuja safi, Mahrokh ameimba mpaka nikalia, nikawagawia wanafunzi wote. Sasa Ijumaa tunakula, Kambiz anagombania ukoko wa wali, akasema, “Bosi wetu kiboko! Asubuhi anakaa na wanaofunga mitandao, jioni anauza funguo.” Wote wakaangua kicheko, mimi nikaurudisha ukoko sahanini. Ipo VPN nyingine, ya mafundi walio nje ya nchi, wanasema hawahifadhi kumbukumbu za mtu, lakini inakwamakwama, na nikirudisha zawadi dada ataninunia. Nifanyeje?

Golnush, Shiraz

Golnush mwanangu (majina nimeyabadilisha), hongera! Mahrokh kaimba, nami nimepiga makofi peke yangu studioni. Sasa nikukaripie. Kukataa mara tatu kisha ukapokea ni mambo ya chai, si ya sauti za watoto wa watu! Hata kama bosi huyo hachungulii kitu, kila mnayemwongeza, hata wa bure, anamnenepeshea biashara mtu yule yule anayewafungia. Hilo tu halikutoshi?

Hao mafundi nao usiwaamini kwa maneno matamu. Uliza mmiliki ni nani, nani wa nje amewakagua, na riziki yao inatoka wapi. Wakijibu waziwazi, hamia. Ikikwama, fundisha mstari mmojammoja. Mwanamke aliyesubiri miaka yote kuimba hatashindwa kusubiri kidogo. Kambiz mpelekee keki, msifu mpaka aone haya, mwambie simu yako imeikataa VPN yake. Dada akinuna, mwache, atapoa.

Wanafunzi wako waeleze ana kwa ana, leo, kila mmoja aamue mwenyewe kama anaendelea. Mara ya kwanza hukuwauliza.

Halafu wewe, redio yetu hii ya nje imefungwa mtandaoni huko kwenu. Barua hii umenitumia kwa VPN ya nani? Usinijibu. Ifute VPN hiyo kwanza.